Unga wa Maziwa ya Mbuzi Uyeyuke Kwanza, Sifa Zifuate

Anayeiacha migomba na vijito vya Upare ya Kaskazini na kushuka upande wa mashariki hadi tambarare za Kwakoa, kuelekea Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya, huingia katika nchi nyingine kabisa. Huko chini ni nchi ya vichaka na miiba, ambako vuli na masika hutenganishwa na vipindi virefu vya ukavu. Mji wa Same, ulio katika ukanda huo huo mkavu uizungukao milima, hupata kwa wastani milimita zipatazo 550 tu za mvua kwa mwaka. Nyasi zikinyauka, ng'ombe hukonda na maziwa yake hukatika. Mbuzi hustahimili zaidi, kwa kuwa yeye si mla nyasi tu: husimama kwa miguu ya nyuma akachuma majani ya vichaka na maganda ya migunga. Kwa hiyo maziwa ya mwisho kupatikana wakati wa kiangazi mara nyingi huwa ya mbuzi, nayo huwa machache.

Ndipo linapokuja wazo ambalo wafugaji, maofisa mifugo na hata baadhi yetu matabibu tunalipenda: maziwa ya mbuzi yakaushwe wakati yanapopatikana kwa wingi, yawekwe yakiwa unga, yanywewe wakati wa uhaba. Duniani jambo hili si geni. New Zealand na Uholanzi zimeuza maziwa ya unga ya mbuzi kwa miongo kadhaa. Kwetu Afrika Mashariki kazi kubwa zaidi imefanyika katika kuboresha mbuzi wenyewe: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilishirikiana na Wanorwe tangu miaka ya 1980 kuwaeneza mbuzi wa maziwa huko Mgeta, Morogoro, na katika miaka ya 1990 shirika la FARM-Africa likawapeleka mbuzi aina ya Toggenburg kwa wakulima wa Meru, Kenya. Mbuzi wapo na ujuzi wa kuwafuga upo. Kukausha ndiyo hatua inayosubiri.

Mimi naliunga mkono wazo hili. Hata hivyo, namna linavyozungumzwa hunipa wasiwasi. Mazungumzo huanzia kwenye sifa, kwamba maziwa ya mbuzi ni dawa, yanatibu pumu, yanaongeza kinga, yanafaa kwa mtoto mchanga, na huishia kwenye bei. Katikati husahaulika kikombe chenyewe. Je, unga huo ukitiwa maji utakuwa kinywaji laini, au utakuwa maji yenye mabonge juu na mashapo chini? Wengi huliona hilo kuwa suala la mapishi tu. Kwangu mimi ninayewahudumia wagonjwa waliodhoofika, ni suala la dozi na la usalama, na lingepaswa kutatuliwa kabla ya hayo mengine.

Nianze na dozi. Glasi moja ya mililita 200 ya maziwa ya mbuzi humpa mnywaji takriban gramu 7 za protini na kilokalori zipatazo 135. Ili kuipata kutoka kwenye unga, huhitajika gramu 26 hivi za unga usiopunguzwa mafuta. Tunapomwandikia mgonjwa aliyekonda kwa kifua kikuu anywe glasi mbili au tatu kwa siku juu ya mlo wake, tunachukulia kwamba unga wote uliopimwa utaingia mwilini. Lakini bonge la unga ni kitu cha hila: nje limelowa, ndani ni kavu kabisa. Robo ya unga ikibaki kwenye mabonge na mashapo, gramu 7 za protini zimekuwa 5 na ushei, na hakuna aliyeandika upungufu huo kwenye jalada la mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa kuzungukia wodi ya wanaume, nilimkuta binti akimwandalia baba yake maziwa ya unga. Alikoroga, akachuja kwa kichungio cha chai, akakung'utia kwenye ndoo ya taka kilichobaki.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Hicho unachomwaga ni nini?"

"Ni mabonge, daktari. Baba yakimfika kooni hukohoa mpaka analia. Na kopo lenyewe linaisha upesi, sijui kwa nini."

Unga ule ulikuwa wa ng'ombe tena wa kigeni, si wa mbuzi wa Upare. Lakini nilikumbuka ndoo ile ya taka kila niliposikia baadaye mipango ya kukausha maziwa ya mbuzi, kwa sababu maziwa ya mbuzi, kwa tabia yake, ni magumu zaidi kuyageuza kuwa unga mzuri kuliko ya ng'ombe. Hapa panahitaji maelezo kidogo.

Unga wa maziwa unapoangukia majini, mambo manne hutokea kwa zamu: chembe hulowana, huzama, hutawanyika, kisha huyeyuka. Kosa likitokea katika hatua ya kwanza, zinazofuata zote huharibika. Unga wenye mafuta yake yote huwa na utando mwembamba wa mafuta juu ya kila chembe, na mafuta hayapatani na maji. Chembe zikiwa ndogo mno, pungufu ya sehemu ya kumi ya milimita, hushikana kwa wingi juu ya maji. Safu ya nje hulowa, hugeuka gundi, na gundi hiyo huyazuia maji kuingia ndani. Hilo ndilo bonge. Viwanda hulitatua kwa njia mbili. Kwanza, unga hulowanishwa kidogo kwa mvuke na kukaushwa tena ukiwa unarushwa hewani, ili chembe ndogo ziungane kuwa chembe kubwa zenye matundu, ambamo maji hupenya kwa urahisi. Pili, hunyunyiziwa lesithini, mafuta ya asili yapatikanayo kwenye soya au alizeti, gramu chache tu kwa kilo. Lesithini ina upande mmoja unaopenda mafuta na upande mwingine unaopenda maji, hivyo huwapatanisha mahasimu hao wawili.

Haya yote ni kwa maziwa yoyote yale. Ya mbuzi yana shida yake ya ziada, nayo ni joto. Yakiwa mabichi ni laini kuliko ya ng'ombe: matone yake ya mafuta ni madogo, na malai hayapandi juu upesi. Mgando wake tumboni ni mlegevu, kwa kuwa mbuzi wengi hutoa kiasi kidogo cha aina moja ya protini ya kaseini inayoufanya mgando wa ng'ombe uwe mgumu. Sifa hiyo ni ya kweli na ninaikubali. Lakini protini za mbuzi hazistahimili moto kama za ng'ombe, hasa kwa sababu kalisi iliyo huru katika maziwa hayo ni nyingi zaidi. Maziwa yakipashwa moto mkali na kupunguzwa maji kabla ya kukaushwa, kalisi hiyo huziunganisha protini, nazo huganda vipande vidogo visivyoonekana. Vipande hivyo haviyeyuki tena hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Ndiyo mashapo yanayokwaruza ulimi kama vumbi la chokaa.

Dawa yake inajulikana. Maziwa huongezwa chumvi kidogo za sitrati au fosfati zinazoishika kalisi iliyo huru. Hupashwa moto kwa utaratibu kabla ya kupunguzwa maji. Hupitishwa kwa shinikizo kubwa kwenye tundu jembamba ili mafuta yasambae sawasawa. Na kiwango cha uchachu huangaliwa, kwani maziwa yaliyoanza kuchachuka njiani kutoka zizini hayataupata unga laini kwa ufundi wowote. Kati ya chumvi hizo mbili, kama daktari ningechagua sitrati. Maziwa yenyewe yana fosfati nyingi, na wagonjwa wa figo, ambao idadi yao inaongezeka kwa sababu ya kisukari na shinikizo la damu, hawana haja ya kuongezewa nyingine.

Kuhusu harufu nitasema machache. Asidi tatu za mafuta, kaproiki, kapriliki na kapriki, zimepewa majina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi, nazo ni nyingi zaidi katika maziwa yake. Zikiachiliwa huru kwa maziwa kucheleweshwa au kutikiswa mno, harufu ya beberu hujaa kikombe. Kukamua kwa usafi, kumtenga beberu na kuyapoza maziwa mapema humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Wapo watakaoona njia rahisi zaidi: kujaza sukari. Sukari huficha harufu na pia huusaidia unga kutawanyika majini, kwa hiyo mtengenezaji huua ndege wawili kwa jiwe moja. Naomba tuikatae njia hiyo. Kinywaji kitakachopelekwa kwa wazee na wagonjwa hakipaswi kununua ulaini wake kwa sukari.

Sasa nifike kwenye usalama, ambapo naamini hoja yangu ina uzito mkubwa zaidi. Maziwa ya unga si kitu kilichotakaswa kabisa. Bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii anaweza kuishi ndani ya unga mkavu kwa muda mrefu, naye huwaua watoto wachanga. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, lilielekeza mwaka 2007 kwamba maziwa ya unga ya watoto yachanganywe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya watoto wachanga, lakini mtu mzima ambaye kinga yake imeporomoka kwa VVU au kwa matibabu ya saratani naye hafai kupewa unga uliolowekwa kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa mezani hadi jioni. Tena katika vijiji vya tambarare maji ya kunywa hutoka kwenye visima, mabwawa na mifereji, na kuyachemsha ni lazima.

Lakini unga usioimarishwa huganda upesi zaidi ukikutana na maji ya moto. Maji yenye joto la nyuzi 40 hadi 50 ndiyo huupokea vizuri. Hapo mlezi hujikuta kati ya mambo mawili: akifuata maagizo ya daktari ya maji ya moto, anapata mabonge, akitaka kinywaji laini, anatumia maji ya uvuguvugu, na pengine yasiyochemshwa kabisa. Mwanadamu yeyote mwenye mgonjwa anayekataa kunywa atachagua kile kinachonyweka. Hatuwezi kumlaumu. Tunachoweza ni kumtengenezea unga ambao hautamlazimisha kuchagua. Hii ndiyo sababu nasema uimara wa unga mbele ya maji ya moto uwe sharti la kwanza kwa yeyote atakayetaka kuwauzia wagonjwa maziwa ya unga ya mbuzi.

Wapo pia wagonjwa wa kiharusi, ambao matatizo ya kumeza huwapata wengi wao katika siku za mwanzo. Kwa hao kimiminika chepesi kama maji huponyoka na kuingia njia ya hewa, nalo bonge huweza kukaba. Wanachohitaji ni kinywaji chenye uzito mmoja kuanzia mdomo wa kikombe hadi chini. Upo mfumo wa kimataifa unaogawa vyakula na vinywaji katika ngazi za 0 hadi 7 kwa watu wenye shida ya kumeza, na kipimo chake cha vinywaji hakihitaji maabara: bomba la sindano la mililita 10 hujazwa kinywaji, huachwa kitiririke kwa sekunde 10, na kilichobaki ndani huonyesha ngazi yake. Muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya. Lakini kipimo hicho hakina maana kwa kinywaji chenye mabonge, kwa kuwa bonge moja likiziba tundu, maji yenyewe yataonekana kuwa uji mzito.

Mtu ataniuliza: kama unga huu utakuwa laini na salama kiasi hicho, kwa nini asipewe mtoto mchanga? Swali hili lazima lijibiwe waziwazi, kwa sababu unga laini ndio utakaomvutia mama aliyekosa maziwa. Maziwa ya mbuzi yana foleti kidogo mno, takriban moja ya tano ya ile iliyomo katika ya ng'ombe, na vitamini B12 yake pia ni haba. Katika Ulaya ya miaka ya 1920 na 1930 madaktari waliwaona watoto wachanga waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake wakipatwa na upungufu mkali wa damu, hata ugonjwa ukapewa jina la mbuzi. Zaidi ya hapo protini na chumvi zake ni nyingi kuliko figo changa zinavyoweza kumudu, na chuma yake ni kidogo kama ilivyo katika maziwa yote ya wanyama. Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa maziwa ya mama pekee. Ni kweli kwamba mwaka 2012 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali protini ya mbuzi itumike katika maziwa maalumu ya watoto. Lakini hayo ni maziwa yaliyopunguzwa na kuongezwa virutubisho kiwandani kwa vipimo vikali, si maziwa ya zizini yaliyokaushwa. Kopo la unga wa mbuzi wa Kwakoa, siku litakapopatikana, lisiwe na picha ya mtoto. Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama inakataza kabisa ushawishi wa namna hiyo, na Tanzania ina kanuni zake zinazoifuata.

Wala unga huu si kimbilio la mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Katika utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa mwaka 1999, watoto 24 kati ya 26 wenye mzio huo walidhurika walipopewa maziwa ya mbuzi, kwa kuwa protini za wanyama hawa wawili zinafanana mno. Anayevimbiwa kwa sababu ya laktosi naye asitegemee nafuu kubwa, maana tofauti ya laktosi kati ya mbuzi na ng'ombe ni ndogo. Huyo mtindi utamfaa zaidi.

Faida ambayo sijaisikia ikitajwa sana, na ambayo ningeiweka mbele ya zote, ni kwamba maziwa yanayokwenda kukaushwa lazima yapashwe moto. Mbuzi ndiye mwenyeji mkuu wa Brucella melitensis, bakteria wa brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa wanyama ambao kwa binadamu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo. Kwamba binadamu huupata kwa maziwa mabichi ya mbuzi kulijulikana tangu mwaka 1905, wakati Themistocles Zammit alipowagundua mbuzi wa Malta kuwa na vijidudu hivyo. Kwetu homa hiyo mara nyingi huitwa malaria. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliolazwa kwa homa kali, matabibu waliandika malaria kwa asilimia 60.7, ilhali vipimo viliithibitisha kwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa visababishi halisi yalikuwamo maradhi yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwa mojawapo. Mhudumu wa afya katika tambarare za Upare anapompokea mwenye homa isiyoisha, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, aulize juu ya maziwa mabichi na juu ya mbuzi waliotupa mimba.

Je, jambo hili linawezekana Kwakoa? Hesabu ni ngumu kiasi. Lita 8 za maziwa hutoa kilo moja ya unga, hivyo maji yapatayo lita 7 lazima yaondolewe kwa kila kilo. Mbuzi wa asili hukamuliwa pungufu ya nusu lita kwa siku baada ya mtoto wake kunyonya. Chotara aliyetunzwa vizuri hufikia lita moja au zaidi. Kutengeneza kilo 100 za unga kwa siku kunahitaji lita 800, yaani chotara 800 wanaokamuliwa kila siku, au wa asili zaidi ya 1,600. Mashine ya kukausha kwa kunyunyiza, ambayo huyarusha maziwa kama ukungu ndani ya hewa yenye joto la nyuzi 160 hadi 200, ni ghali na hula nishati nyingi. Kuanika juani si mbadala: mafuta huchacha, vumbi huingia, na unga wa namna hiyo hauyeyuki kamwe.

Kwa maoni yangu, anayetaka kujenga kiwanda Kwakoa kesho anajitafutia gofu. Kinachofaa kujengwa huko ni kituo cha kukusanyia na kupozea maziwa, pamoja na ufugaji wa chotara chini ya utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi. Maziwa yasafirishwe kwenda kukaushwa katika mashine itakayohudumia pia maziwa ya sehemu nyingine. Wakati huo huo majaribio ya ulaini yaanze kwa kiasi kidogo katika karakana za vyuo vyetu. Na hapa nawaomba wenzangu wa sayansi ya chakula jambo moja. Msiupime unga kwenye maabara peke yake, kwa maji yaliyochujwa na mashine ya kukorogea. Mpeni mlezi gramu 26, kikombe, upekecho na maji ya chupa ya chai. Akoroge nusu dakika, kisha amimine kwenye kichungio cha chai, na kinachobaki kikaushwe na kupimwa. Mgonjwa naye apimwe: amekunywa glasi ngapi katika wiki mbili, na uzito wake umekwendaje. Kisha unga huo huo uwekwe mwezi mzima kwenye nyumba ya bati ya tambarare na ujaribiwe tena. Viwango vya kimataifa vinataka unga wa maziwa usizidi asilimia 5 ya unyevu, lakini kopo lililofunguliwa katika joto hunyonya unyevu wa hewa, sukari ya maziwa hunata, na unga uliokuwa laini siku ya kwanza huwa jiwe. Pakiti ndogo za glasi moja moja zitagharimu zaidi, nami naona gharama hiyo ina haki yake. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lingeweza kudai matokeo ya majaribio kama hayo kabla ya kuruhusu kopo liandikwe kuwa linafaa kwa wagonjwa.

Hadi siku hiyo, walezi wataendelea kutumia unga uliopo madukani, wa ng'ombe au wa mbuzi, na wanaweza kuutendea vizuri kuliko tunavyowafundisha wodini. Chemsha maji yote kwanza. Chukua sehemu ndogo, iache ipoe hadi uvuguvugu, uiongeze kwenye unga uliokwisha pimwa, si unga kwenye maji. Ponda kwa mgongo wa kijiko mpaka uwe kama uji mzito usio na chembe kavu. Ndipo uongeze maji ya moto kidogo kidogo huku ukipekecha. Kwa mgonjwa aliyedhoofu sana, rudisha sufuria motoni dakika chache ukiendelea kupekecha, kisha uache upoe hadi joto la kunyweka. Mabonge yakibaki, yasitupwe: yapondwe na kurudishwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi anachoruhusiwa, na kikombe ambacho hakijanywewa ndani ya saa mbili kimwagwe.